Koti la Babu na Suti ya Kaunda

Swali la msomaji:

"Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, nina miaka 29, naishi Lindi mjini. Babu yangu, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika Nachingwea, alifariki mwaka jana, nami nikapewa sanduku lake la bati. Ndani kuna koti zito la kijivu ambalo ukoo mzima unasema alipewa na Mzungu wa mradi wa karanga. Kuna pia suti ya Kaunda ya rangi ya ugoro, mashati mawili meupe na kaptula ya kaki. Koti lina lebo iliyoandikwa 'Reine Schurwolle' na 'Made in West Germany', namba 52, na alama kama kitonge cha uzi. Napenda sana mavazi ya zamani ya kiume, na mtumbani huwa nachambua makoti kila Jumamosi. Nataka kujua koti hili ni la miaka gani, nilisafishe vipi maana linanuka uvundo, na je, naweza kulivaa kwenye harusi Newala bila kuchekwa? Kuna jamaa wa Dar yuko tayari kulichukua kwa shilingi 80,000, na ile suti ya Kaunda nimpe kama nyongeza."

Jibu:

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Kabla ya yote, usilifue hilo koti. Hata kwa maji baridi usilifue. Kama tayari liko kwenye beseni, litoe, lilaze juu ya taulo kivulini, kisha urudi kusoma. Nguo ya zamani husomwa kwanza ndipo ikasafishwa, maana sabuni ikishapita inaondoka na nusu ya habari: jasho lilikaa wapi, vumbi la kona ya mfuko ni la rangi gani, chaki ya fundi ilipita wapi. Mimi nimewahi kukuta tiketi ya basi ndani ya bitana, imepenya kwenye tundu la mfuko na kukaa huko miaka na miaka. Ile tiketi ndiyo iliyonipa tarehe, kwa sababu koti lenyewe halikuwa na lebo.

Nianze na litakalokuudhi. Koti hilo halikutolewa na Mzungu wa karanga. Mradi wa karanga wa Nachingwea Waingereza waliuanza 1947, na kufikia 1951 walishaufunga. Maneno "Reine Schurwolle" ni Kijerumani, maana yake sufu mpya tupu isiyochanganywa na kitu. Hayo peke yake hayatwambii mwaka. Kinachotwambia ni kile kitonge cha uzi: ni nembo ya kimataifa ya sufu halisi, na ilianza kutumika mwaka 1964. Halafu kuna nchi yenyewe. Ujerumani Magharibi iliungana na Mashariki Oktoba 1990, na baada ya hapo viwanda vikaandika Ujerumani tu. Kwa hiyo koti lilishonwa baada ya 1964 na kabla ya 1990 au karibu na hapo. Mzungu wa karanga alikuwa ameshafungasha zamani.

Unaweza kulibana zaidi bila kuniletea. Lilaze kitandani, vifungo vimefungwa, upime ile mikunjo miwili ya kifuani inayoshuka kutoka kwenye kola. Ikiwa myembamba, upana wa vidole vitatu au vinne, na koti ni fupi na limebana kiunoni, fikiria miaka ya 60. Ikiwa mipana kama kiganja kizima, ni ya 70. Kama mabega yana pedi nene za kumfanya mtu aonekane mbeba magunia, na kifungo cha juu kimeshuka karibu na kitovu, hiyo ni 80. Si sheria ya Musa, maana mafundi wazee wa Ulaya nao waliendelea kushona walivyozoea, lakini mara nyingi haikosei.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi. Namba 52 ya Kijerumani ni nusu ya mzingo wa kifua kwa sentimita, yaani koti limekatwa kwa mtu wa kifua cha sentimita 104. Sasa chukua suti ya Kaunda, uipime kwapa hadi kwapa, halafu upime na koti vilevile. Suti ya Kaunda babu alishonewa, kwa hiyo inabeba mwili wake. Kama koti linaizidi kwa sentimita nyingi, basi koti halikununuliwa dukani kwa ajili yake. Alilichagua akalipenda hivyohivyo. Angalia na mikono: ndani ya pindo la mkono, je, kuna mshono wa uzi wa rangi tofauti kidogo, uliopigwa kwa mkono? Hapo fundi wa huku aliupunguza.

Mimi dau langu ni mtumba. Mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, mitumba ilianza kumiminika nchini, na watu wakaipa jina la kafa Ulaya, kana kwamba kila koti lina marehemu wake huko ng'ambo. Karani wa ushirika mwenye hela ya korosho mfukoni angeweza kulipata koti la sufu la Ujerumani mnadani kwa bei ya kuku wachache. Hakuna aibu hapo. Alikuwa na jicho.

Wazee wenu usiwavunjie hadithi mbele za watu. Na pengine hawakukosea sana. Nimezoea kuona hadithi ya ukoo ikihama: ilianza kwenye nguo moja, nguo ile ikachakaa au ikasahaulika, hadithi ikahamia kwenye ile inayopendeza zaidi. Itazame kaptula ya kaki. Geuza ndani nje, kagua mkanda wa kiuno na mfuko kama kuna muhuri wa mshale wa miguu mitatu. Hiyo ilikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiuona, hadithi ya Mzungu inapata pa kukaa. Kukuta vifungo badala ya zipu si ushahidi wa kutosha, maana mafundi wetu waliendelea kuweka vifungo miaka mingi baadaye kwa sababu zipu zilikuwa adimu.

Sasa tuje kwenye suti uliyoitaja kwa haraka, kama mtu anayetaja masufuria.

Makoti ya Ulaya yanashushwa Kusini kila wiki. Fungua belo la makoti ya wanaume Masasi au Mtwara mjini, hutakosa mawili matatu ya sufu nzuri. Lakini suti ya Kaunda iliyoshonwa Nachingwea au Lindi haimo ndani ya belo lolote duniani, kwa sababu haikuwahi kwenda Ulaya ikafa. Imebaki kwenye masanduku ya bati kama la babu yako. Na masanduku hayo yanafunguliwa na wajukuu wanaotafuta lebo za Kijerumani.

Vazi lenyewe unalijua: koti la mikono mifupi au mirefu, mifuko minne, kola ya shati, suruali ya kitambaa hichohicho, halivaliwi na tai. Limepewa jina la Kenneth Kaunda aliyeiongoza Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, ingawa mkato wake umetokana na koti la kaki la wanajeshi na wawindaji. Huku kwetu ndilo lililokuwa vazi la heshima la mtumishi wa umma: bwana shamba, mwalimu mkuu, karani, katibu wa chama. Vijana walikuwa na bugaluu zao na viatu vya raizoni, na wengine walishajionea Operesheni Vijana ya mwaka 1969 kule Dar, suruali za kubana zilipopigwa marufuku. Mtu mzima aliyetaka kuonekana ameshika jambo alikwenda kwa fundi na kitambaa chake kwapani.

Ninayo moja nyumbani, ya kijani kilichopauka, aliyokuwa akiivaa mwalimu mkuu mmoja wa zamani. Kwa nje ni nguo ya kawaida tu. Ukiifungua ndiyo inaanza kuzungumza. Mifuko ya ndani imeshonwa kwa marekani, ile shiti ya pamba isiyopaushwa. Mkanda wa kiuno umetiwa ugumu kwa kipande cha mfuko wa unga, herufi bado zinasomeka kinyumenyume. Matundu ya vifungo yamezungushiwa uzi kwa mkono, mishono iko karibukaribu kama meno ya kitana, na tundu la chini kabisa limepindika kidogo, nadhani fundi alishikwa na usingizi. Na kwenye mshono wa makalio, pale ambapo fundi alitumia ukingo wa kitambaa bila kuukata, kuna herufi zilizofumwa: "TORON". Sehemu ya mbele imeliwa na mkasi. Neno zima ni Tetoron, jina la poliesta ya Wajapani iliyoanza kuuzwa mwaka 1958. Sisi tukaliswahilisha likawa tetroni, na mpaka leo wanafunzi wako wanavaa sare za tetroni bila kujua kwamba wanataja chapa ya Japani.

Fanya hivyo na ya babu. Kwanza tafuta ukingo: kwenye mshono wa makalio, ndani ya pindo la miguu, ndani ya mbavu za koti. Pili, angalia zipu. Ya chuma nzito yenye meno ya shaba huwa inatangulia, ya plastiki ikaja kutawala baadaye. Tatu, chomoa nyuzi mbili tatu za kitambaa kutoka ndani ya mshono, usitoe kwa nje, uziunguze kwa kiberiti juu ya kisahani. Poliesta inajikunyata, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua, nayo inapondeka ukiibinya. Nne, na hili ndilo kubwa, waulize wazee nani alikuwa fundi. Suti hizi hazina lebo. Jina la fundi limo vichwani mwa watu wa miaka 70 na kuendelea, na hao hawatungoji. Ukilipata, liandike kwenye kipande cha kitambaa kwa penseli, ukitundike mfukoni pamoja na jina la babu na mahali alipofanyia kazi. Tafuta na picha ya studio aliyopigwa ameivaa. Nyuma ya picha nyingi za zamani kuna muhuri wa studio, pengine na mwaka.

Kagua na akiba ya kitambaa. Fundi wa zamani aliacha vidole viwili vya ziada kwenye mbavu na kwenye makalio, kwa sababu kitambaa kilikuwa ghali na mteja angenenepa. Miaka ile baada ya vita vya Kagera, tulipoambiwa tufunge mkanda miezi 18 na mkanda ukafungwa miaka, watu walipanga foleni duka la RTC, kampuni ya serikali ya biashara ya mkoa, kwa ajili ya mita mbili za kitambaa. Huku Kusini hali ilikuwa ngumu zaidi: mvua ikinyesha barabara ya Dar ilikufa, na kuvuka Rufiji kulikuwa kwa pantoni mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Kwa hiyo nguo ilitanuliwa, ikapunguzwa, ikatanuliwa tena. Ukiona mistari miwili mitatu ya matundu madogo ya sindano sambamba na mshono, hayo ni maumbo ya babu yako ya miaka tofauti, unene wake na wembamba wake. Usimruhusu fundi wa leo akate akiba hiyo kwa ovaloki. Akitaka kutanua, atanue. Akitaka kupunguza, apunguze kwa kukunja ndani bila mkasi.

Tazama na kola za yale mashati meupe. Kama upande wa chini wa kola umechakaa na wa juu ni mzima, hapo kola iligeuzwa: fundi aliifumua yote, akaipindua, akairudishia. Kazi ya saa nzima kwa shati moja. Nilipokuwa mwanafunzi wa fundi barazani Mikindani nilifumua kola za watu mpaka vidole vikaota sugu, na mshahara wangu ulikuwa chai na chapati.

Usafishaji. Uvundo wa koti ni kuvu, na kuvu huku pwani ni jirani yetu. Mvua zetu zinaanza Desemba hadi Aprili, hewa ina chumvi, na sanduku la bati linatoa jasho. Siku kavu yenye upepo wa kusi, litoe koti nje kivulini, jifunge kitambaa puani, ulipige mswaki wa nguo wenye nywele laini kuanzia kwenye kola kushuka chini. Geuza mifuko yote nje uipige mswaki pia. Litundike kwenye hanga nene ya mbao, si ile ya waya, liache lipigwe na upepo siku mbili tatu, usiku uliingize ndani. Jua kali usilizidishe, linachuja rangi, na sehemu ya bega ndiyo inayotangulia kupauka.

Kisha kagua nondo. Yule mdudu mdogo wa rangi ya majani makavu hana shida, shida ni watoto wake. Wanakula sufu, hariri na manyoya. Tetroni na pamba safi hawazigusi. Tafuta vitundu visivyo na nyuzi zilizokatika, utando kama wa buibui, na punje kama mchanga chini ya kola. Ukiona hata kimoja, usiliweke koti karibu na nguo nyingine za sufu. Dawa isiyoharibu kitambaa ni baridi. Lifunge ndani ya mifuko miwili ya nailoni, kamua hewa, ziba kwa gundi ya karatasi, liweke ndani ya friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa usilifungue siku hiyo, liache lipate joto la chumba mpaka kesho yake, vinginevyo umande utaganda kwenye sufu yenyewe. Mimi sina friza, ninamwomba jirani muuza samaki. Hucheka kila mara, na mara moja mteja wake alitaka kununua kifurushi akidhani ni nguru.

Watu wa pwani tunafukiza nguo kwa udi, na ni jambo zuri, koti litanukia. Lakini moshi wa udi hauui mayai ya nondo. Fukiza baada ya friza. Majani makavu ya mwarobaini yaliyofungwa kwenye kitambaa yatasaidia kidogo. Vidonge vya nafthalini vinafukuza kweli, ila harufu yake haitoki upesi, na chumba cha kulala hakivihitaji.

Maji yakibidi, yawe ya baridi, sabuni iwe shampuu ya nywele kidogo sana, na uoshe bitana tu kwa kitambaa chenye unyevu. Usitumie magadi, usitumie dawa ya kung'arisha yenye klorini. Vyote viwili vinaila sufu, klorini inaiyeyusha kabisa. Mwaka 1993 nilikuwa na suruali ya flaneli ya kijivu, nzuri mno, nikaichovya kwenye maji ya moto kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye sherehe ya watu. Ilitoka ya mtoto wa darasa la tano. Bado ninayo. Nimeitundika karibu na mlango ili kila mtu anayeniletea sufu aione kabla hajanishawishi "nipitishe maji kidogo tu."

Mashati ya pamba ni rahisi. Loweka usiku kucha, fua, anika. Doa la kutu la pini lipake maji ya limau na chumvi, uliweke juani, kisha suuza vizuri. Doa la bibo halitoki. Nimejaribu kila kitu ninachokijua na vichache ambavyo sikupaswa kujaribu. Likiwa kwenye mfuko wa kaptula, liache hapo, mtu wa Nachingwea bila doa la bibo angekuwa na maswali ya kujibu.

Suti ya tetroni inafulika bila shida, lakini pasi itakuangusha. Pasi ya mkaa ikishika moto sana inaacha mng'ao ambao hautoki, kwa sababu uzi umeshayeyuka. Weka kitambaa chenye unyevu katikati, piga upande wa ndani, na ujaribu kwanza kwenye pindo.

Kuhifadhi: rudisha sanduku la bati kwa kazi nyingine. Nguo inataka kabati lenye tundu la hewa, kifuniko cha shuka ya pamba, si mfuko wa nailoni wa dobi. Kila baada ya miezi miwili itoe uipe upepo.

Kuhusu Newala na kuchekwa. Utachekwa, Wamakonde wa Newala hawamwachi mtu wa Lindi apite bila utani, hata ukivaa dhahabu. Kinachotakiwa ni wakucheke kwa sababu nyingine. Uwanda wa juu kule una baridi yake Juni na Julai, na jioni ukisimama karibu na Shimo la Mungu utalishukuru koti la sufu. Ikiwa harusi ni Novemba, liache nyumbani, hakuna pambo linaloshinda jasho. Likikuzidi mabegani, usilivae. Mikono hupunguzwa, kiuno huingizwa, bega la koti kulibadilisha ni kulifumua lote, na fundi mwaminifu atakwambia asiliguse. Mshono wa bega uishie pale mfupa wako unapoishia.

Na usivae sanduku zima kwa siku moja. Koti la zamani, suruali ya zamani, shati la zamani na kofia juu, hapo umekuwa mwigizaji. Koti moja la zamani na suruali ya kadeti ya juzi inatosha. Ikiwa unakwenda kwenye nikaha, kuna jibu ambalo wazee wetu walilijua siku nyingi: kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya viua, na koti la kijivu juu. Hakuna mtu Kusini atakayekuuliza umelitoa wapi.

Kwa kuwa unachambua mtumbani kila Jumamosi, nikupe machache ya haraka. Nunua Machi mpaka Mei, minada ya korosho ikianza Oktoba hela inajaa na muuzaji hasikii. Majina ya nchi zilizokufa ni kalenda ya bure: Yugoslavia, Czechoslovakia, USSR. Nguo ya Marekani yenye maelekezo ya kufua yaliyoshonewa ndani kwa kawaida ni ya 1972 au baadaye, maana ndipo sheria yao ilipoanza. Jinzi ya Levi's yenye kile kitambaa chekundu kilichoandikwa E kubwa badala ya e ndogo ni ya kabla ya 1971 au hapo hapo, ila siku hizi wenyewe wanazitoa upya kwa mtindo uleule, kwa hiyo tazama na mengine. Finya kifua cha koti kwa vidole: ukihisi tabaka la katikati linaloteleza peke yake, kanvasi yake imeshonwa. Ukihisi kipande kimoja kigumu, imebandikwa kwa gamu, na gamu hiyo siku moja itatoa malengelenge. Kifungo kikiwa baridi ukikigusisha kwenye mdomo wa juu, huenda ni cha chaza, si plastiki.

Kitu kimoja usiguse: makoti ya jeshi. Najua yanapendeza, lile la Wamarekani lenye mifuko minne linaloitwa M-65 ndilo ndoto ya kila mkusanyaji huko nje. Hapa kwetu sheria hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na mwaka 2023 JWTZ liliwataka raia wazisalimishe. Ukilikuta kwenye belo, lirudishe ndani ya belo.

Nimebakiza jamaa wa Dar. Koti ni lako, ukitaka kuliuza liuze. Ni koti zuri, na kwa jicho ulilorithi utapata jingine kabla ya mwaka kuisha. Lakini tazama alivyopanga maneno yake: bei ameiweka kwenye koti, suti ameiita nyongeza. Mtu anayeuza nguo za zamani mjini anajua idadi ya makoti ya Kijerumani yanayoingia bandarini. Mpigie simu umwambie koti bado lipo kwa shilingi 80,000 zilezile, ila suti haimo, halafu unyamaze usikilize atasema nini.